Mkate Uliolia Njiani

Nyanya kipofu ameketi kando ya moto. Mtoto amefika kutoka mjini, safari ya mbali, na amemletea mkate mweupe. Nyanya anaupokea kwa mikono miwili, anaupapasa, anauleta puani, ananyamaza kitambo. Kisha anasema: "Mkate huu umelia njiani."

Sentensi hiyo nimeishi nayo zaidi ya miaka 30. Nilijua imetoka kitabuni, maana kitabu chenyewe nilikiona kwa macho yangu na kukishika. Jina lake ndilo lililonitoka, pamoja na jina la mwandishi na kila kitu ambacho muuza vitabu angetaka kujua ili anisaidie.

Yaliyobaki yalikuwa haya. Mtoto aliitwa Nekesa. Aliishi na babu yake, mzee mkali asiyesemezana na watu, juu kabisa kwenye Mlima Elgon. Alilala darini juu ya nyasi kavu, na ukutani palikuwa na tundu la duara ambalo usiku aliona nyota kupitia kwake. Kulikuwa na mvulana mchunga mbuzi, Wafula, na huyo Wafula alikuwa na nyanya kipofu. Siku moja Nekesa akachukuliwa akapelekwa Nairobi, kwenye nyumba ya tajiri, akae na msichana asiyeweza kutembea. Huko kila mlo walipewa mikate midogo laini. Yeye hakuila yote. Aliificha kabatini chini ya nguo, siku baada ya siku, ampelekee nyanya yule ambaye hakuwa na meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma. Kisha mama msimamizi wa nyumba akafungua kabati, akakuta mikate imekauka kama mawe, akaamuru itupwe yote.

Hapo nililia. Nakumbuka kulia kwangu vizuri kuliko ninavyokumbuka kitabu.

Tulisomewa jikoni kwa Kukhu, mamake Baba, nje kidogo ya Kimilili, magharibi mwa Kenya, likizo ya Desemba mwaka 1988. Sisi tulikuwa watoto wa Webuye. Baba alifanya kazi Pan Paper, kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji mwaka 1974, na moshi wake ulikuwa saa ya mji na kalenda yake. Wageni waliziba pua matatu ilipokaribia Webuye. Sisi hatukuisikia harufu ile hata kidogo, kama mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake mwenyewe.

Shule zikifungwa tulipelekwa kwa Kukhu. Jiko lake lilikuwa kijumba cha udongo kilichojitenga na nyumba kubwa: mafiga matatu, kuku wamejipanga pembeni, na koroboi imewekwa juu ya debe lililofunikwa mdomo. Senge, dadake Baba aliye kitinda mimba kwao, alikuwa akisomea ualimu. Alirudi likizo ile na kitabu kimoja. Jalada lake lilikuwa limeng'oka zamani, na mahali pake Senge alikuwa amefunika karatasi ya gazeti la Taifa Leo, jinsi tulivyofunika vitabu vyote siku zile. Ndiyo iliyokuwa sura ya kitabu kwangu: vichwa vya habari vya Kiswahili, vilivyokunjwa pembeni na kubandikwa kwa uji.

Baba alikuja Jumamosi moja kutuletea sukari na mkate. Alipokiona kitabu alifanya kitu alichokifanya kwa kila karatasi iliyopita mikononi mwake, iwe daftari, kalenda au mfuko wa saruji. Alishika ukurasa mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akausugua polepole kama anayechagua kitambaa cha suti. Akauinua mbele ya koroboi, mwanga ukapenya. Akaunusa. Akakirudisha kitabu kwa Senge akasema, "Hii si yetu."

Watoto tulicheka. Baba alikuwa akisema hivyo au kinyume chake kuhusu karatasi zote duniani. Hakuna aliyemuuliza kama si yetu ni ya nani.

Nilipopata mtoto wa kwanza hapa Nakuru, nilitaka kumsomea kitabu kile. Si kingine. Nilikuwa nikiviona vitabu vizuri vya watoto madukani na nikavinunua, lakini usiku nikimlaza mtoto nilijikuta namsimulia habari za Nekesa na mikate yake, na nikifika kwa nyanya kipofu naishiwa. Mtoto anauliza, halafu? Sikuwa na halafu.

Nikaanza na ndugu zangu. Dada yangu mkubwa alikumbuka mbuzi wawili, mmoja mweupe na mwingine wa rangi ya kahawia, na akaniambia hata jinsi walivyokuja kusimama mlangoni mwa babu jioni. Kaka yangu alikumbuka kiti cha magurudumu kilichosukumwa kikabingirika mlimani na kuvunjika vipande vipande, jambo ambalo mimi lilikuwa limenitoka kabisa, nalo lilimchekesha upya kwenye simu kana kwamba limetokea jana. Mdogo wetu alikuwa bado mgongoni. Hakuna kati yetu aliyekumbuka jina la kitabu. Wote watatu tuliotosha kukumbuka tulikubaliana juu ya mambo mawili: kilikuwa cha Kiswahili, na kilikuwa cha kwetu. Mlima ulikuwa Elgon. Kingekuwa cha nani tena?

Basi nikatafuta kitabu cha Kiswahili cha Kenya.

Wanaouza vitabu vya mitumba mjini huku tunawaita inama, kwa sababu bidhaa iko chini kwenye turubai na mnunuzi hana budi kuinama. Nimeinama Nakuru, nimeinama Kisumu, nimeinama Eldoret nikisubiri gari lijae. Nilijifunza kusoma mgongo wa kitabu kabla ya kusoma tumbo lake. Nilijifunza kwamba namba ile ya utambulisho iliyo nyuma ya kitabu, ISBN, ikianza na 9966 kitabu kimesajiliwa Kenya, na kwamba tangu mwaka 2007 namba hizo zina tarakimu 13 na hutanguliwa na 978, kwa hiyo chenye tarakimu 10 ni cha kabla ya hapo. Nikawa natafuta tarakimu 10. Nilijifunza historia ya mashirika yaliyotuchapishia: lile la fasihi la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948, ambalo baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 upande wetu ulibaki kuwa Kenya Literature Bureau, Jomo Kenyatta Foundation ya mwaka 1966, na Heinemann ya Nairobi ambayo mwaka 1992 ilibadilika ikawa East African Educational Publishers. Nilipenda vitabu vidogo vya miaka ile, vile vya kurasa 40 au 60, picha za rangi nyeusi na nyeupe, watoto wenye kaptura na kandambili. Nilivinunua vingi zaidi ya nilivyohitaji.

Muuzaji mmoja wa Nakuru, aliyetandaza turubai lake chini ya varanda za barabara ya Kenyatta, alinizoea akawa ananiwekea. Nikipita ananiita, "Mwalimu, leo kuna mlima." Mimi si mwalimu, lakini nilikuwa nainama. Kuna mlima kweli, au kuna mbuzi, au kuna msichana anayekwenda mjini kufanya kazi za nyumbani. Mikate ya kabatini haikuwepo.

Nataka niseme kwa nini sikuwahi kushuku kwamba hadithi ile haikuwa yetu. Ni kwa sababu ya mkate. Mtu aliyekulia huku magharibi anajua: huendi kwa nyanya mikono mitupu. Unapita dukani unanunua mkate na sukari, pengine na majani ya chai, na mkate unaubeba kwa uangalifu usibonyezwe kwenye matatu. Ukifika unapokewa mkate kabla hujaketi. Wazee hawaufungui papo hapo. Unawekwa ndani, na asubuhi utauona umekatwa vipande vinene mezani, na wewe mleta mkate ndiye unayehimizwa kula zaidi. Mtoto anayenyima tumbo lake mkate ili nyanya ale, huyo tulimjua. Alikuwa jirani yetu. Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kumbebea Kukhu nusu ya andazi kutoka Webuye, nikalifunga ndani ya soksi. Nilipolitoa lilikuwa unga.

Kwa hiyo nilipokwenda kwenye maktaba ya umma ya Nakuru nilikwenda na uhakika wangu wote. Mkutubi aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa kompyuta, jambo ambalo halijanitokea popote pengine. Akauliza maswali ambayo sikuyatarajia. Hakutaka kujua rangi ya jalada. Alitaka kujua nani alisoma, usiku au mchana, taa gani, na nilikuwa darasa la ngapi.

"La kwanza," nikasema.

"Ulikuwa unajua kusoma?"

"Bado."

"Na kitabu kilikuwa cha lugha gani?"

"Kiswahili."

"Umejuaje?"

Nikamweleza habari ya Taifa Leo. Nilikuwa katikati ya maelezo niliposikia ninachosema. Kiswahili nilichokiona kilikuwa cha gazeti. Ndani sikuwahi kusoma hata neno moja.

"Ulikisikia kwa Kiswahili," akasema, akavaa miwani. "Hujaniambia kilichapishwa kwa Kiswahili."

Akainuka, akaenda kwenye rafu za watoto. Nilimwona akipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu bila haraka. Alirudi na kitabu chembamba cha Kiingereza, toleo lililofupishwa, picha ya msichana mwenye mashavu mekundu na milima yenye theluji nyuma yake. Akakiweka mbele yangu akasema nifungue popote. Nilifungua kwenye picha ya kabati. Milango iko wazi, na ndani yake rundo la mikate midogo ya mviringo.

Kitabu kinaitwa Heidi. Kiliandikwa kwa Kijerumani na Johanna Spyri, mwanamke wa Uswisi, na kilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1880 na 1881. Mlima ni wa Alpi. Mji wa tajiri ni Frankfurt, Ujerumani. Mvulana wa mbuzi ni Peter, na msichana wa kiti cha magurudumu ni Clara. Kimetafsiriwa kwa makumi ya lugha, na mwaka 2023 hifadhi za nyaraka za Heidi na za mwandishi wake ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Watu wengi wanaosoma maneno haya watashangaa sikukijua. Sikukijua. Shuleni kwetu hatukukisoma, na katuni zake hazikuonyeshwa kwenye runinga ya jirani yeyote niliyeruhusiwa kuingia kwake.

Niliumia, wala sitaficha. Nilisimama pale kwenye meza ya maktaba nikihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba dada yake ni mtoto wa watu. Nekesa, Mswisi? Miaka yote nilikuwa nikitazama Elgon kutoka barabara ya Kimilili, mlima mpana uliolala kama ng'ombe, nikitafuta kwa macho mahali nyumba ya babu ilipokuwa. Baba alishasema, kidole kwenye karatasi, koroboi nyuma yake. Hii si yetu. Nilikuwa na jibu hilo tangu nikiwa darasa la kwanza.

Kitabu kizima kipo bure kwenye intaneti, kwenye hazina ya Project Gutenberg, kwa kuwa haki zake za uandishi zilikwisha muda mrefu. Nilikipakua kwenye simu nikakisoma kwa usiku tatu. Usiku wa kwanza nilisoma kwa kinyongo. Usiku wa pili kinyongo kikaniisha, kwa sababu niliona kazi ya Senge.

Sijui watu wanaolipwa kutafsiri wangefanyaje. Senge alikuwa na umri wa miaka 20 na kidogo, kitabu cha Kiingereza magotini, watoto wanne wanapiga miayo, na hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma kufuta. Katika kitabu, nyanya kipofu anapewa mkate mweusi mgumu, ambao huko kwao ni chakula cha maskini. Mkate mgumu kwetu ungeeleweka vipi? Kwetu mkate wowote ni sikukuu. Senge akampa nyanya mahindi ya kuchoma, na kila mtu jikoni mle akaelewa mara moja, maana tulikuwa tunayatafuna. Babu anayeyusha jibini kwenye moto na kuipaka kwenye mkate. Kwa Senge ilikuwa samli juu ya kiazi. Wakati wa baridi theluji inafunga njia na watu wa juu hawashuki. Senge alisema mvua zilinyesha mpaka njia ya kushuka Kimilili ikawa utelezi mtupu na hata punda hakupita. Heidi akiwa Frankfurt anapanda mnara wa kanisa atafute milima yake, anaona paa za nyumba na mabomba ya moshi tu. Nekesa alipanda juu ya KICC, lile jumba refu la mikutano la Nairobi. Aligeuka pande zote nne na Elgon haikuonekana. Nilikuwa nimesahau hilo. Nilipofika kwenye mnara wa kanisa lilinirudia lote, na sauti ya Senge ikishuka pale pale aliposhusha.

Kuna mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, ambaye mwaka 1932 alichapisha majaribio aliyowafanyia Waingereza. Aliwapa hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisome, kisha akawaomba waisimulie upya, tena na tena, baada ya siku na baada ya miezi. Mitumbwi ikageuka mashua. Kuwinda sili kukageuka kuvua samaki. Hawakujua kwamba wanabadilisha. Kila mmoja aliirekebisha hadithi ikae vizuri katika mji wake. Nilifikiri hicho ndicho kilichonitokea. Nilikuwa nimekosea, lakini kosa hilo sikulijua bado.

Usiku wa tatu nilifika kwenye kurudi kwa Heidi. Clara amemjazia kapu la mikate laini. Anapanda mlima mbio, anaingia kwa nyanya, anajitupa magotini pake, na nyanya anampapasa nywele kuhakikisha ni yeye. Heidi anaitoa mikate mmoja mmoja na kumrundikia magotini. Nilisoma polepole sana. Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka kwenye simu.

Sentensi yangu haikuwepo.

Nyanya anafurahi. Nyanya analia. Anashukuru kwa baraka aliyoletewa, na anasema baraka kubwa kuliko mikate ni mtoto mwenyewe. Hakuna mkate uliolia. Nikarudi nyuma kurasa kumi, nikaenda mbele kurasa kumi. Nikatafuta tafsiri nyingine ya Kiingereza, kisha nyingine. Nikatafuta neno kilio na neno machozi katika kitabu kizima, na machozi yako mengi mle, lakini hayako kwenye mkate. Nilikuwa nimekipata kitabu na kupoteza kitu pekee nilichokuwa nakitafuta ndani yake.

Senge ni mwalimu mstaafu sasa, na ana nyumba yake Kimilili. Ningeweza kumpigia simu. Niliona si jambo la simu. Niliagiza kitabu cha karatasi, kamili, nikasubiri siku ya mapumziko, nikapanda gari asubuhi. Webuye tulipita saa nane mchana, na hewa ilikuwa hewa tu. Kile kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na Baba hakuishi kuona kikifunguliwa tena na wenye kukinunua. Kimilili nilinunua mkate na sukari.

Senge alipokea mkate, akauweka ndani, akatuletea chai. Kitabu nilimpa baada ya kikombe cha pili. Aliligeuza jalada akatazama picha kwa muda mrefu, maana jalada lake hakuwahi kuliona. Chake alikuwa amekiokota kwenye sanduku la vitabu vya msaada chuoni, vyenye mihuri ya maktaba za Uingereza, na kilikuwa kimeshang'oka.

"Senge," nikamwambia, "kwa nini ulitusomea hiki?"

"Nyinyi?" Akacheka. "Mimi nilikuwa namsomea mama. Nyinyi mlikuwa mle kwa sababu ndimo moto ulimokuwa."

Kukhu hakuwahi kwenda shule. Mwanawe wa mwisho alikuwa anasomea kufundisha watoto wa watu kusoma, na akirudi nyumbani mama anamuuliza: huko wanawasomesha nini? Senge akaona amwonyeshe. Alichagua kitabu hicho kwa ajili ya ile sehemu ambapo Heidi, aliyejifunza kusoma mjini, anarudi mlimani na kumsomea nyanya nyimbo za kanisa. Alitaka kufika hapo. Mlima ukawa Elgon kwa kuwa Kukhu aliolewa akitoka Kapsokwony, huko huko mlimani, na mlima alioujua ni huo.

Nikamwambia jinsi nilivyohangaika na vitabu vya Kiswahili. Akashangaa. "Kiswahili? Mama alijua Kiswahili cha sokoni, cha bei. Nilisoma kwa Kibukusu, mwanangu. Mwanzo hadi mwisho."

Niliweka kikombe chini. Miaka yangu ya Nakuru, ya ofisini, ya dukani, ya kulaza watoto, yote ni ya Kiswahili, na mahali fulani katikati ya miaka hiyo kichwa changu kilikuwa kimeichukua hadithi nzima na kuitafsiri mara nyingine bila kuniuliza. Kijerumani kikawa Kiingereza, Kiingereza kikawa Kibukusu jikoni, Kibukusu kikawa Kiswahili nikiwa nimelala. Na mimi nikazunguka kwenye turubai za inama nikitafuta nakala.

Ndipo nikamuuliza juu ya sentensi. Niliisema kwa Kiswahili changu. Senge hakunijibu mara moja. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, akairudisha.

"Hayo si ya kitabu," akasema. "Hayo alisema mama."

Usiku ule alikuwa amefika kwenye kapu. Anatafsiri, anageuza ukurasa, Nekesa anamrundikia nyanya mikate magotini. Kukhu alikuwa ameinama akisogeza kuni. Hakugeuka. Alisema maneno yale akiutazama moto, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayesema chumvi imezidi, na mikono yake ikaendelea na kuni. Senge akasahau alipofika kwenye mstari. Akafunga kitabu, akasema tutaendelea kesho. Ndiyo maana hadithi yangu ilikatikia pale. Kumbe mimi nilikuwa nimemwona Kukhu mbele ya moto nikampa mkate mikononi, nikamwekea mapapaso na kunusa, nikamfanya kipofu.

Senge aliirudia sentensi ile kwa Kibukusu. Katika Kibukusu ni fupi zaidi, na nilipoisikia nilijua kwamba ndiyo, ni hiyo, na kwamba yangu ilikuwa kivuli chake.

Akaomba kalamu. Akafungua kitabu kipya, akatafuta ukurasa wa kapu, akautandaza mezani kwa kiganja. Alisita kidogo juu ya tahajia, akaitamka tena polepole akihesabu silabi kwa kidole, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiandika. Kisha akaiandika pembeni mwa ukurasa kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani, wima na wa duara, akaweka jina la mama yake chini yake, na tarehe: Desemba 1988.